Tanki la maji nyumbani Arusha: mwongozo kamili, kuanzia kwenye mita hadi koki ya mwisho

Familia nyingi za Arusha hununua tanki kwa mtindo mmoja. Maji yanakatika siku tatu mfululizo, uvumilivu unaisha, mtu anakwenda dukani kuulizia bei ya la lita 5000, kirikuu inakodiwa, na jioni tanki liko uani linamsubiri fundi. Maswali yanaanza baada ya hapo. Litakaa wapi? Mbona shawa inadondosha matone? Mbona maji yameanza ukijani?

Mpangilio huo ningependa tuugeuze. Tanki linunuliwe karibu na mwisho. Kabla yake kuna kupima, kuna kuchagua mahali, na kuna uamuzi mmoja ambao kwa mji huu haukwepeki: nyumba ya Arusha inahitaji maji ya aina mbili, yakae kwenye matanki mawili, na yasikutane kwenye bomba.

Maji ya kazi na maji ya mdomo

Maji ya kazi ni ya kuoga, kufua, kupiga deki, choo, kuosha vyombo na kumwagilia. Maji ya mdomo ni ya kunywa, kupikia, chai, na uji wa mtoto. Sehemu nyingine za nchi tofauti hiyo haina uzito mkubwa, lakini sisi tunaishi chini ya Mlima Meru. Miamba ya volkano ina madini ya floridi, na maji yanayopenya humo kwa miaka huyabeba hadi kwenye chemchemi na visima. Kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kisizidishwe kwenye maji ya kunywa ni miligramu 1.5 kwa lita. Vyanzo vingi vinavyouzunguka Meru vinazidi hapo, vingine kwa mbali sana. Floridi ikizidi huacha madoa kwenye meno, ndiyo maana mtu wa huku hutambulika akienda mikoani: akicheka tu, wanajua ametoka wapi. Watoto wetu wamejifunza kufunika midomo kwa kiganja wanapocheka, na hilo linaniuma kuliko mgao wowote wa maji.

Madhara ya meno hutokea wakati meno ya utu uzima yanajengeka ndani ya fizi, tangu utotoni hadi karibu miaka minane. Jino likishaota na madoa, kubadilisha maji hakuliondolei doa. Floridi nyingi kwa miaka mingi hudhuru mifupa na viungo pia. Kwa hiyo ukiwa na mtoto mdogo nyumbani, tanki la maji ya mdomo ndilo la kwanza kupangiwa fedha, hata kama la kuogea litasubiri mwakani.

Kuna mambo matatu ambayo watu huyategemea na hayasaidii. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini floridi hubaki yote, na kwa kuwa maji yamepungua kwa mvuke, yaliyobaki yana floridi nyingi kidogo kwa kila lita. Chujio la mshumaa wa udongo halizuii floridi. Na kuonja hakukuambii kitu, maana floridi haina rangi, haina harufu, na kwa viwango vya maji yetu haina ladha ya kuitambua. Linalosaidia ni chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, teknolojia ambayo kituo cha utafiti cha Ngurdoto kule Arumeru kimeifanyia kazi kwa miaka mingi, au mashine za kuchuja kwa utando mwembamba. Mkaa huo hushiba baada ya muda, na ukishashiba unapitisha floridi kama kawaida, kwa hiyo lazima ubadilishwe na maji yapimwe tena. Kwa familia ya kawaida yenye paa la bati, njia rahisi kuliko zote inatoka juu: maji ya mvua yana floridi kidogo mno.

Si kila bomba la Arusha lina shida hiyo. Maji hutoka vyanzo tofauti, na mtaa mmoja unaweza kuwa salama wakati wa pili hauko salama. Peleka sampuli kwenye maabara ya maji ipimwe. Tumia chupa safi ya plastiki, isiwe ya kioo, kwa sababu floridi hushikana na kioo na kuharibu majibu. Isuuze mara tatu kwa maji yale yale unayopima, ijaze hadi juu, andika tarehe na mahali yalipotoka. Mwenye kisima apime masika na apime tena kiangazi.

Na magadi. Mama zetu hutia magadi kwenye makande ili mahindi na maharage yaive upesi, na magadi ya maeneo yetu yana floridi pia. Kuloweka maharage na mahindi usiku kucha kunapunguza muda wa kuiva bila kuhitaji magadi.

Hatua ya kwanza: soma mita wiki nzima

Usikadirie matumizi kwa kichwa. Andika namba za mita saa moja asubuhi leo, kisha saa hiyo hiyo baada ya siku saba. Uniti moja ni lita 1000. Tuseme ilisoma 412.350, na wiki iliyofuata ikasoma 414.800. Umetumia uniti 2.45, yaani lita 2450, ambazo kwa siku ni lita 350. Hiyo ni nyumba ya watu watano inayotumia choo cha kuvuta na shawa.

Sasa jiulize maji hukatika siku ngapi kwa kawaida mtaani kwako, uongeze moja. Siku tatu na moja ni nne: lita 1400. Tanki la 1500 au la 2000 linatosha kabisa. Anayekimbilia la 5000 kwa nyumba kama hiyo analipa fedha nyingi kwa maji yatakayokaa ndani muda mrefu yakipata joto, na analipa tena kwa mnara mzito zaidi. Nenda 5000 kama mgao wenu unachukua wiki, au kama una wapangaji uani.

Usiku mmoja kabla ya kulala, funga koki zote kisha uangalie mita. Ikiendelea kuzunguka, kuna mahali panavuja, na mara nyingi ni kwenye tanki la choo. Tengeneza kwanza. Tanki jipya juu ya bomba linalovuja litakuwa tupu saa ile ile unayolihitaji.

Kwa maji ya mdomo hesabu ni nyingine. Weka lita tano kwa mtu kwa siku, kunywa na kupika. Watu watano ni lita 25. Kutoka Juni hadi mwisho wa Oktoba, miezi ambayo Arusha haitegemei mvua, kuna siku 153, kwa hiyo lita 3825. Hapa ndipo tanki la 5000 linapostahili. Ukishindwa, la 2000 liwe la kunywa tu na uji wa watoto, na litavuka kiangazi.

Hatua ya pili: urefu kabla ya ukubwa

Hili ndilo jambo ambalo nyumba nyingi hulikosea, na tanki kubwa halilirekebishi. Presha ya maji yanayoshuka yenyewe inatokana na urefu tu. Mita 10 za urefu hutoa presha ya karibu bar 1 (bar ni kipimo cha presha). Mnara ukiinua kitako cha tanki mita 3 kutoka ardhini, na shawa iko mita 2 kutoka ardhini, umebakiwa na mita 1, yaani sehemu moja ya kumi ya bar. Hayo ni maji ya kujikamulia. Ukipandisha mnara hadi mita 5, tofauti inakuwa mita 3: umeongeza presha mara tatu kwa kuongeza mita mbili za chuma au zege. Hesabu kutoka kwenye kitako cha tanki, usihesabu kutoka kwenye mfuniko, maana maji yanashuka kila siku.

Viwanja vyetu vingi vina mteremko, na huo ni utajiri. Kama unaishi Ilboru, Sekei, au upande wa kilima kule Moshono, kona ya juu ya kiwanja inaweza kuwa mita mbili juu ya sakafu ya nyumba. Jenga mnara hapo, hata kama bomba litakuwa refu zaidi. Mita mbili za ardhi hazikugharimu nondo wala saruji.

Lakini maji ya bomba la mtaani yatafika huko juu? Usibahatishe. Siku maji yakitoka, funga mpira wa kumwagilia kwenye koki iliyo karibu na mita, mtu apande ngazi akiwa ameshika ncha ya mpira, aiinue polepole mpaka maji yaache kutoka. Urefu huo ndio uwezo wa bomba lako kwa saa hiyo. Rudia usiku, maana saa nane za usiku majirani wamelala na presha hupanda. Kama usiku maji yanafika mita 6, mnara wa mita 4 pamoja na tanki juu yake utajaa wenyewe mkiwa usingizini.

Yasipofika, unahitaji matanki mawili ya kazi: moja chini linalopokea, moja juu linalogawa, na pampu ndogo katikati. Tafadhali usiifunge pampu moja kwa moja kwenye bomba la mtaa. Inavuta maji ya jirani, na bomba likiwa na tundu dogo mahali fulani chini ya ardhi, mvuto huo huingiza maji machafu ya mtaroni ndani ya bomba ambalo mtaa mzima unalitegemea. Pampu inyonye kutoka kwenye tanki lako la chini, basi.

Hatua ya tatu: mnara

Lita 2000 za maji zina uzito wa kilo 2000, bila tanki lenyewe. Uzito huo ukae juu ya kitu kilichofikiriwa. Kwa mnara wa zege wa nguzo nne, mchanganyiko wa kawaida ni saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Mwagilia zege kwa siku saba angalau, na usilijaze tanki kabla ya siku 28 kupita. Fundi akikuambia wiki moja inatosha, mjibu kwa upole kwamba wewe utasubiri. Mahali penye udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kuvimba masika, chimba msingi hadi uvuke tabaka hilo.

Mnara wa vyuma ni wa haraka na unaweza kuhamishwa. Sharti ni vyuma vya mshazari kila upande, vikipishana. Mnara wa miguu minne mitupu husimama vizuri tanki likiwa tupu, na huanza kuyumba likijaa. Waliokuwa Arusha Julai 2007 wanakumbuka ardhi ilivyotikisika wakati wa matetemeko ya upande wa Gelai na Oldoinyo Lengai. Mshazari ni kwa ajili ya siku kama zile.

Kitako cha tanki la plastiki kinahitaji kushikwa chote. Kulilaza juu ya mbao zilizoachana kwa vidole vinne ni kulipasua taratibu, kwa sababu plastiki hulegea kwenye nafasi na ufa huanzia hapo. Weka bamba la zege lililosawazishwa kwa pima maji, au mbao nene zinazogusana, na jukwaa lizidi tanki kwa upana wa kiganja kila upande.

Hatua ya nne: sasa nenda dukani

Hapa Tanzania watu husema simtank hata kwa tanki la kampuni nyingine, kwa hiyo ukimwambia muuzaji hivyo, mwombe akuonyeshe alizonazo. Fungua mfuniko, ingiza kichwa, mtu mwingine amulike tochi ya simu kutoka nje. Ukiona mwanga unapenya ukutani, liache. Mwanga ndio unaootesha ule ukijani. Chagua jeusi, au la rangi nyingine lenye tabaka jeusi ndani. Pitisha kiganja kwenye mshono na kitako ukitafuta mkwaruzo mrefu, kisha hakikisha mfuniko unajifunga kwa kuzungusha. Mfuniko unaoegeshwa tu utaukuta kwa jirani upepo ukivuma.

Kwenye kirikuu lifungwe kwa kamba pana au mpira, lisifungwe kwa waya. Likifika, libebwe au libingirishwe kwenye majani. Kuliburuta juu ya kokoto kunakwangua kitako.

Hatua ya tano: mabomba

Mwambie fundi bomba mambo haya kabla hajakata kitu, na uyaandike kwenye karatasi mnayoipatia sahihi wote wawili.

Bomba la kutoka liwe juu ya kitako kwa sentimita tano hadi kumi, ili tope linalotulia chini lisiingie ndani ya nyumba. Tundu la kusafishia liwe chini kabisa, lenye koki yake. La kumwagia ziada liwe nene kuliko la kuingizia, na mdomo wake ufunikwe neti ya mbu. Kwenye bomba la kuingiza weka boya linalojifunga maji yakijaa. Nunua zuri, maana boya bovu ndilo linalomwaga maji usiku kucha na bili unailipa wewe. Kila bomba linaloungana na tanki liwe na yunioni (kiungo kinachofunguliwa kwa kuzungusha) na valvu, ili siku ya matengenezo ulifungue bila msumeno.

Unene wa bomba ni mahali pa kutobana fedha. Presha ikiwa ndogo, bomba la nusu inchi kutoka mnarani huyachosha maji njiani. Shusha kwa inchi moja au inchi na robo hadi ukutani mwa nyumba, gawa kwa robo tatu, na nusu inchi ianzie karibu na koki. Punguza kona. Na bomba lisipande kisha likashuka kama mgongo wa ngamia, kwa sababu hewa hunasa pale juu na koki ya mwisho inatoa mlio bila maji.

Ukitaka maji ya mtaa yaingie nyumbani moja kwa moja yakiwepo, na ya tanki yakikatika, weka kwenye njia ya mtaa valvu ya kuzuia maji kurudi. Bila hiyo, maji ya tanki lako yatarudi mtaani usiku bomba likiwa tupu.

Shawa ya umeme, ambayo Juni na Julai huku ni lazima: soma kwenye boksi presha ya chini inayohitaji kabla hujanunua. Nyingi hutumia wati 5500 hivi, sawa na ampea 24 au 25, kwa hiyo ipewe njia yake ya umeme, waya mnene, breka yake, na waya wa ethi uliofungwa kweli. Kazi hiyo ni ya fundi umeme. Usimwachie fundi bomba.

Hatua ya sita: tanki la mvua

Bati safi linafaa. Paa la asbesto au lenye rangi ya zamani inayobanduka lisitumike. Kila milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la mita 60 za mraba, mvua ya milimita 20: lita 1200. Toa moja ya tano inayomwagika na kukauka, unabaki na 960. Mvua tano au sita za namna hiyo hujaza tanki la 5000, na masika ya Machi hadi Mei huleta zaidi ya hapo. Hupimi paa juu. Pima eneo la chini linalofunikwa na paa.

Gata ziwe na mteremko mdogo kuelekea tanki, na kata matawi ya parachichi au mlonge yanayoning'inia juu ya bati.

Maji ya mwanzo ya kila mvua yana vumbi na kinyesi cha ndege, yasiingie tankini. Kabla bomba la gata halijafika kwenye tanki, weka tii (kiungo cha njia tatu, chenye umbo la T), na chini yake ning'iniza bomba la inchi nne lililofungwa mfuniko mwishoni. Maji ya kwanza hujaza bomba hilo, likishajaa ndipo yanayofuata huendelea kwenye tanki. Bomba la inchi nne hubeba karibu lita 8 kwa kila mita; kwa paa la mita 60, mita 3 za bomba hutenga lita 24. Toboa mfuniko tundu dogo kama la msumari ili lijitoe lenyewe kabla ya mvua ijayo. Mvua ya kwanza kabisa baada ya kiangazi, bati likiwa jekundu kwa vumbi, iache yote iende.

Tanki hili halihitaji mnara. Bamba la zege lililoinuka sentimita 60 kutoka ardhini linatosha ndoo ikae chini ya koki. Koki iwe ya kufunga kwa kufuli, kwa sababu watoto na wafuaji hawatatofautisha. Lipake neno KUNYWA kwa rangi nyeupe. Maji yake yachemshwe kabla ya kunywewa. Mvua inakuepusha na floridi, haikuepushi na kuhara.

Kuanza kutumia, na baada ya hapo

Tanki jipya lioshwe. Lijaze, kisha tia klorini ya maji ya kufulia isiyo na manukato. Ikiwa chupa imeandikwa asilimia 5, lita moja kwa kila lita 1000 za maji. Ikiwa ni asilimia 3.5, tia lita moja na nusu. Fungua kila koki hadi usikie harufu ya klorini, funga, liache usiku kucha, kisha mwaga lote mbali na bustani ya mboga na suuza. Kwa tanki la mvua la 5000 huna haja ya kulijaza: sugua kuta kwa brashi na maji yenye klorini, kisha suuza vizuri.

Usilipe fedha ya mwisho ya fundi kabla tanki halijalala usiku mmoja likiwa limejaa. Asubuhi pitisha karatasi ya chooni kwenye kila kiungo. Unyevu mdogo ambao jicho halioni utaonekana kwenye karatasi.

Safisha tanki la mvua Februari kila mwaka likiwa karibu tupu, kabla ya masika. Usiingie ndani peke yako, awepo mtu nje anayekuona. Lile la kazi fungua koki ya chini mara moja kwa mwezi, dakika moja, mpaka maji yawe meupe. Neti ya mbu iangaliwe kila baada ya mvua kubwa, na ikitoboka ibadilishwe siku hiyo hiyo.